Uzi wa Gunia la Sukari

Nilikuwa na vitambaa vya kochi
miaka saba kabla ya kuwa na kochi.
Vilikaa ndani ya sanduku la bati, kumi na viwili,
vimetiwa wanga, vimekunjwa,
vikingoja mgongo wa kuegemea.
Mume wangu alicheka: Siprosa,
umeshona matandiko, punda hujamwona.
Nikamwambia punda yuko njiani.
Akaja, mwaka wa mvua nyingi, juu ya mkokoteni,
kochi la watu watatu, rangi ya ugoro,
na matandiko yakamkaa.

Nilizaliwa Muhoroni, nyumba za kampuni,
pale molasi hunukia hadi ndani ya uji.
Baba alikuwa kuli wa ghala.
Sukari hakuleta nyumbani hata punje:
alimwogopa mlinzi, kisha Mungu, kwa mpango huo.
Alileta uzi.
Ule mweupe unaofunga mdomo wa gunia.
Ukiupata kichwa chake, ukauvuta,
wote unakuja, trrrr,
na gunia linapiga miayo.
Ukikosea upande
utautafuna kwa meno hadi koroboi iishe mafuta.

Sindano ilikuwa spoki ya baiskeli.
Baba aliisugua kwa tupa, akaikunja ncha
kama ukucha wa paka anayesinzia.
Nilikuwa na miaka tisa. Leo nina sabini na mmoja,
na spoki ni ile ile,
imelika pale kidole gumba kinapokaa.

Nimefuma kwenye foleni ya kliniki.
Nimefuma chifu akihutubia habari za vyoo.
Nimefuma kanisani, chini ya leso,
mpaka mchungaji akaniuliza kama Bwana
ana viti vingi hivyo.
Wateja huniambia uzi umepanda bei.
Umepanda, ndiyo. Lakini uzi ni ua tu;
boma lenyewe ni matundu,
na tundu halinunuliwi dukani,
sharti ulizungushie mwenyewe, moja moja,
ukijua utaacha nini wazi.

Akeyo alilazwa Kisumu, mwezi wa palizi.
Nilikaa kando ya kitanda na kitambaa mapajani,
safu ya kumi na moja:
nguzo tano, ruka mbili, nguzo tano, ruka mbili.
Saa tisa usiku pumzi yake iliruka moja
na mkono wangu ukaruka moja.
Nikangoja.
Pumzi haikurudi.
Mkono ukaendelea, sijui kwa amri ya nani,
nguzo tano, ruka mbili,
hadi muuguzi alipokuja akanishika kiganja.

Kufumua naijua. Nimefumua sweta za mitumba,
nimefumua shali ya harusi iliyovunjika
nikaifanya soksi za watoto wa watu.
Kile sikukifumua.
Kilitandikwa juu ya meza, chini ya picha yake,
na wanawake waliokuja kulia kutoka Koru
walilia, wakafuta macho, wakainama kuchungulia.
Mama huyu, ua lako lina jicho moja limefumba!
Umelifanyaje?
Wakahesabu kwa vidole. Wakaenda nalo.

Sasa nikipita soko la Ahero
naliona limetandazwa juu ya maturubali,
la manjano, la zambarau, la rangi za timu ya mpira,
jicho lile lile limefumba, safu ile ile.
Muuzaji husema, huu mtindo ni wa zamani sana, mama,
una maana yake.
Nami humwuliza bei.

Macho yangu yameanza kutia ukungu; nafuma kwa kupapasa.
Mjukuu wangu Okinyi, darasa la sita,
magoti yamejaa vumbi la mpira,
alilala chali kwenye kochi juzi, kitambaa kile usoni,
akitazama bati kupitia matundu.
Akanyamaza. Akaketi.
Dani, hapa uliruka moja.

Miaka thelathini na minne,
na ni mtoto huyu.
Nikampa spoki.
Nikamwambia, hesabu tena,
anzia safu ya kwanza.